Skrubu Mbili

Kazi ya baba yangu ilikuwa jina.
Si injini, si breki, si ngozi ya viti:
jina tu. Herufi nane za shaba, HALSTROM,
kila herufi na skrubu zake mbili,
na bisibisi iliyozoeana na kiganja chake
hadi ikajichimbia humo kitanda.

Gari lilimfikia likiwa zima na bubu.
Likitoka kwake, linaitwa.

Hiyo ilikuwa Indiana, ukingoni mwa Wabash,
enzi ambazo king'ora cha kiwanda kilituamsha mtaa mzima
na jogoo wa Bi Grzelak wakakata tamaa.
Madaktari wa Chicago walilipa miezi sita kabla.
Mchungaji wa Kilutheri alinunua jeusi,
Jumapili akatubu kiburi,
Jumatatu akaliosha.
Sisi watoto wa Wapolandi tulijifunza hesabu kwa magari:
mia mbili kwa siku, mia tatu, mia nne na kumi.

Lucius Tarver, aliyepanda treni kutoka Mississippi,
alipewa tanuri; penye rangi na krome
watu wa ngozi yake hawakuwekwa.
Ndiye aliyemimina chuma cha injini.
"Wincenty," alimwambia baba getini,
"mimi natia moyo, wewe unatia jina,
na wote wawili tunarudi nyumbani kwa miguu."

Ilianza lini kuharibika?
Wengine wanataja vita, wengine vigari vya kigeni,
wengine yule mhasibu wa New York na viatu vyake visivyolia.
Mgema alisifiwa mno, hilo najua.
Shaba ikawa krome,
krome ikawa plastiki iliyopakwa krome,
skrubu mbili zikawa moja,
kisha Alhamisi moja ya mvua
wakamletea baba ndoo ya gundi na brashi.
Akainusa, kama mtu anusaye maziwa ya juzi.

Baridi ya kwanza tu, herufi zikaanza kudondoka.
Barabarani zilipita HAL TROM, zikapita ALSTRO.
Jirani yetu aliendesha ROM mpaka Pasaka;
kasisi alicheka peke yake.

Februari, king'ora kililia saa nane mchana,
saa isiyokuwa yake.
Aliyetusomea karatasi hakuvua koti.
Fungu la pensheni, alisema, halikutosha:
wa miaka sitini na zaidi watapata.
Baba alikuwa na hamsini na minane.
Tarver alikuwa na hamsini na tisa na miezi kumi na mmoja.

Sasa mibetula imeota ndani ya karakana,
imetoboa paa, inachungulia mto.

Wiki iliyopita alinipigia simu mtu wa Ohio.
Amefufua Halstrom ya rangi ya maziwa,
kila kitu kipo, ila jina.
Atalipa vizuri.
Nikaimwaga mezani droo ya vijiko
ambamo baba alitupa herufi zenye kasoro:
O tatu, T mbili, H iliyopinda,
A, L, S, R yenye mguu mfupi.
M hakuna.

Nilijua ilipo.

Mama alifariki Machi ile ile.
Jiwe la kaburi lilikuwa bei ya mkate wa mwaka.
Baba akavunja kreti la vipuri, akachonga msalaba,
na kwenye theluji, vidole vikimtetemeka,
akatafuta tundu kwa ncha ya bisibisi.
Marianna: herufi moja ilitosha.
Jiwe lilikuja baada ya miaka sita.
Msalaba hatukuung'oa.

Juzi nilikwenda, bisibisi ile ile mkobani.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikaijaribu, robo mzunguko, kwa haya.

Haikusogea.

Nikampigia mtu wa Ohio, nikamwambia sina.