Mshono

Ya juu ya mtaro ni shuka la Mama Tunu, maua yamefifia.
Ya chini si shuka, ni bafta ya Bi Mwanahawa,
aliyoinunua usiku ule alipoambiwa wa kwake naye hatarudi.
Alirudi, ila na pingu.
Fundi Sikudhani akaviunganisha kwa cherehani ya miguu
palepale ukingoni, Vingunguti, saa kumi jioni,
mshono ukashuka wima katikati.

Tangu Machi hakuna aliyevuka daraja la mbao
baada ya magharibi. Mapanga yalishahesabu milango.
Chapati za ng'ambo zilipoa ng'ambo,
na watoto walijua mluzi wa kutahadharisha
kabla hawajajua kusoma saa.

Mimi mtafsiri wa sinema. Kikorea sijui,
Kihindi changu cha kuokota.
Maikrofoni nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.
Jenereta likakohoa, likakohoa, likakubali.
Wa juu wakakaa kulia, wa chini kushoto,
katikati wakaacha pengo la kupitisha ng'ombe wa machinjioni.

Shujaa akatokea, mshono umempasua pua.
Akisogea kulia, maua shavuni;
akisogea kushoto, kavaa sanda.
Mtoto mmoja akacheka.
Akacheka na wa upande wa pili, kisha akanyamazishwa.

Halafu kisu.
Kijana chali, chini ya mvua ya huko kwao.
Nikavuta pumzi niseme nilichokiona,
na kutoka gizani Mama Tunu,
kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi:
"Kibwana, usimuue."

Nimetafsiri miaka kumi na moja. Nimeongopa sana,
lakini kwa kutojua.

"Amelala," nikasema. "Amechoka tu.
Anasema mlango msiufunge kwa komeo."
Kwenye kitambaa watu wanalia, wanashika majembe,
udongo unaruka, kila mwenye macho anaona ni nini.
"Hapa," nikasema, na koo limekauka,
"hapa wanachimba msingi. Wanamjengea."

Kimya. Jenereta peke yake linasema.
Hata wauza karanga wameacha kutikisa vikopo.

Kisha kushoto, karibu kabisa na pengo,
Bi Mwanahawa:
"Ya vyumba vingapi?"

Sikuwa na jibu kwenye filamu.
"Vitatu," akajibu Mama Tunu. "Na baraza."

Petroli ikaisha kabla hatujaezeka.
Tukabaki gizani, kulia na kushoto,
shuka na bafta vikipigwa na upepo mmoja.
Hakuna aliyepiga mluzi.