Barafu ya Julai

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na wingu la chini,
zito, kama shuka lililofuliwa likasahauliwa kambani.
Niliruka kutoka Kisauni saa moja na robo asubuhi
na abiria watatu:
Bi Mkasi wa Vitongoji, keki ya harusi mapajani,
mwalimu Shoka na bahasha zake za mitihani,
na kijana aliyetoka Mnazi Mmoja, mguu ndani ya plasta,
akiuliza kila dakika kama Pemba imeshaonekana.

Haikuonekana.
Mnara wa Nungwi tulishauacha nyuma,
chini yetu maji ya rangi ya bati,
na kusi likitusukuma kiunoni.

Ilianza pasi na kishindo.
Injini haikukohoa wala haikupiga kelele,
ilipunguza sauti tu,
kama mtu aliye katikati ya maneno
akakumbuka jambo.
Mshale wa mizunguko ukateremka:
elfu mbili na mia tatu,
elfu mbili na mia moja.
Mafuta yapo. Moto upo.
Pumzi, je?

Mikono yangu ilijua kabla yangu.
Pua juu kidogo, mwendo wa kuelea,
jicho moja likitafuta pa kuangukia:
mikoko ya Panza, hapana,
mawe ya Mkoani, hapana,
bonde la mpunga lenye maji hadi magotini,
labda, Mungu akipenda.
Na mkono wa kulia ukavuta kishikio cha hewa moto
mpaka mwisho wake.

Hapo ndipo ikawa mbaya zaidi.
Ndege nzima ikatetemeka, injini ikatema,
keki ikasogea,
mwalimu akaanza Yasini kwa sauti ya darasani,
na kila kidole changu kikaniambia: rudisha,
rudisha, umeharibu.

Mama yangu alikuwa akiuza barafu, Machomane,
za ubuyu na za ukwaju, katika vifuko,
shilingi hamsini.
Friza letu kuukuu lilikuwa likiota ukoko mweupe kooni,
na mimi, mtoto, nikitaka kuuchokoa kwa kisu.
"Wacha," akinambia. "Lizime, mlango uwe wazi.
Sakafu italowa kwanza.
Mwenye haraka hutoboa friza."

Nikaacha. Nikahesabu.
Barafu ile ile, bila ubuyu, bila sukari,
imelikaba koo la kabureta
katika visiwa ambavyo barafu hununuliwa,
ikawa maji, maji yakapita motoni,
injini ikayameza kwa shida
kama mgonjwa na shubiri.
Futi elfu moja na mia mbili.
Elfu moja na mia moja.
Redioni nilisema nilipo,
na kwamba nipo.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Kumi na tisa,
injini ikakumbuka ilichotaka kusema.

Pemba ikatokea ghafla, kijani, ikifuka mvuke,
minazi imelala upande mmoja.
"Ile!" akapiga kelele kijana wa plasta,
kana kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Pale Wawi lami ilikuwa imelowa.
Bi Mkasi alishuka wa mwisho, keki mbele, yeye nyuma.
"Mwanangu," akanambia,
"siku nyingine usitupunguzie feni ya mbele.
Joto lile! Krimu imeteremka upande."
Nikamwomba radhi.
Mwalimu Shoka hakusema kitu,
alinishika mkono, akauacha, akaushika tena.

Katika daftari la ndege niliandika mstari mmoja:
barafu kwenye kabureta, hewa moto imetumika, imekwisha.
Herufi zangu zilikuwa za mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha nikampigia mama.
Alinyamaza kidogo.
"Barafu," akasema, "huko angani, bure,
na hukuniletea hata kifuko kimoja?"
Nikacheka.
Halafu nikasikia kiti kikilia upande wa pili:
alikuwa amekaa.