Kigimbi

"Umekula nini, Raya?" Kocha Zuwena aliniuliza,
alfajiri, kiwanjani Limbani, Wete.
Nikajibu bila kupepesa: uji, yai, ndizi mbili.
Nilikuwa nimekula barafu ya ukwaju
na nusu ya boflo, njiani.

Saruji ina umande bado.
Mbio za mstari hadi mstari,
kisha kuruka, na kutua kwa magoti malegevu,
"taratibu, kama unamlaza mtoto."
Mzunguko wa saba
kigimbi kikajikunja kama ngumi.

Nikaanguka kitako. Hakunigombeza.
Alikibonyeza kwa kidole gumba, akacheka:
"Haya. Huyu ndiye msema kweli wenu."

Siku hizi chupa yangu ya maji hujaa tangu usiku.
Mama huniachia kiporo cha choroko,
muhogo, dagaa wa kukaanga,
na yai, kuku akipenda.
Hamdu, kaka yangu, ati nakula
kama mpakizi wa magunia ya karafuu.
Mwache aseme.

Jana niliruka,
ncha ya kidole cha kati ikagusa wavu.
Wavu wenyewe haupo, uliraruka zamani.
Iligusa pale
ambapo wavu ungekuwapo.