Barua Husomwa Kutoka Chini

Mama yangu, Bi Somoe Chilumba, karani wa Posta Newala,
hakuwahi kuanza na jina lako.
Bahasha ikimfika mkononi, alianzia mstari wa mwisho:
nchi, kisha mkoa, kisha mji, kisha sanduku.
Jina, lile uliloliandika kwa mbwembwe na mkia wa wino,
alilitazama baadaye kabisa, kama anayehakiki chenji.
"Jina ni lako," alikuwa akisema,
"njia ni ya Posta."

Mimi nina steshenari nyuma ya stendi:
kompyuta mbili, moja ina homa,
na printa inayotafuna karatasi kama mbuzi wa jirani.
Msimu wa matokeo wazazi hujaa mpaka barazani.
Mzee Mfaume Nanjota amekuja na namba ya mtihani ya bintiye,
kaiandika kiganjani, jasho limeilamba tarakimu ya mwisho;
na anwani ya tovuti kwenye kipande cha pakiti ya sigara,
ambapo penye nukta ameweka mkato.

Ukurasa haukuja.

"Kwa kijialama hicho tu wanakataa kunijua?"
Baba, mashine haikisii.
Mama alikisia: aliletewa bahasha iliyoandikwa
*Kwa Shangazi mwenye jino la dhahabu, Newala*,
akaifikisha kabla ya adhuhuri.

Nikafuta mkato, nikaweka nukta,
nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu: anzia huku, kulia.
*tz*, ndiyo nchi. *go*, ndiyo serikali.
Halafu ofisi ya mitihani, halafu mlango.
Sisi tunaandika kwenda mbele, mashine inauliza kurudi nyuma:
nani anaijua tz? Aijuaye tz, nielekeze kwa serikali.
Wa serikali, hawa wa mitihani wanakaa wapi?
Hakuna anayejua yote. Kila mmoja anamjua anayefuata.

"Ni kama kuposa," akasema Mzee Mfaume.
"Huendi kwa binti. Unauliza ukoo kwanza,
ukoo unakuonyesha mjomba,
mjomba ndiye mwenye kujua mlango."

Na nyuma ya mlango, nikasema, kuna namba.
Majina ni ya sisi tunaosahau.

Kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka tu,
nikapata nafasi ya kumsimulia:
zamani majina yote ya mashine yalikaa daftari moja, ng'ambo.
Ukiwa na mashine mpya unapiga simu, saa za kazi, uandikwe.
Daftari likanenepa hadi likashindwa kufunguka,
ndipo wakagawana: kila ukoo utunze majina ya watoto wake.

Na kabla ya daftari,
usiku mmoja wa mwaka sitini na tisa,
mama akiwa darasa la tatu, akishuka bondeni kuchota maji
na kupanda tena na ndoo iliyokwisha mwagika nusu,
kulikuwa na mashine mbili tu, miji miwili, waya mmoja.
Walitaka kutuma neno la kuingilia, herufi kwa herufi.
Ikaenda L. Wakaulizana kwa simu: umeiona? Nimeiona.
Ikaenda O. Umeiona? Nimeiona.
Ya tatu, mashine ikazirai.

Lo.

Mzee Mfaume alicheka mpaka akakohoa.
"Kumbe neno la kwanza ni letu!"
Sikuwa na moyo wa kumbishia.
Wao walikuwa wamekatizwa; sisi ndivyo tusemavyo
mtungi ukituponyoka,
au aliyezikwa akibisha hodi.

Ukurasa ukashuka, kwa mwendo wa kinyonga.
Hapakuwa na majina, namba tupu,
na tarakimu ile iliyolambwa na jasho
ilikuwa ama tatu ama nane.
Akanisogeza pembeni.
Akaweka kidole mstari wa mwisho kabisa,
akaanza kupanda, taratibu, kama mama.

"Lo," akasema.

Nikangoja herufi ya tatu.