Kijivu

Baba alikiita takataka.
Kichaka cha kimo cha goti, rangi ya jivu la juzi,
majani yana unga usiofutika kwa kidole.
Mwaka aliopata shamba, yeye na ami Clem
walifunga mnyororo wa meli kati ya trekta mbili
wakauburura toka uzio hadi uzio,
na nyuma yao nchi ikabaki uchi
ikingoja ngano.

Ngano ilikuja. Sikatai.
Tulijenga jiko, tukanunua piano asiyeipiga mtu,
nikapelekwa shule ya bweni Adelaide
na jozi mbili za viatu.

Chini, maji yasiyonyweka yalianza kupanda,
shubiri kwa shubiri, bila kelele,
yamebeba mgongoni chumvi ya bahari
iliyokauka kabla hajazaliwa wa kuiita bahari.
Kwanza doa, upana wa sinia, karibu na lango.
Mbolea imemwagika, akasema baba.
Mwaka uliofuata doa lilikuwa uwanja wa mpira.
Mwaka wa saba tukaacha kupima.

Mbegu nimezikuta kando ya reli,
ukanda mwembamba ambao haukumfaa mkulima yeyote,
na kwa hiyo ulipona.
Verna alinifundisha. Bibi yake alizisaga mbegu hizi
akaoka mkate, kabla ya hati, kabla ya uzio.
Loweka kwanza, alisema, mwaga, loweka tena,
zitokwe na chumvi, ndipo zitakubali kuamka.
Hata kinachoishi na chumvi
huamshwa na maji matamu.
Sikuwa na la kumjibu. Nilishika ndoo.

Sasa miche elfu nne imo kwenye trei,
kiuno kinaniuma, magoti yamepata ukoko mweupe.
Kila shimo nalichimba pale pale
mnyororo ulipopita.

Jumapili nilimpelekea baba jani moja
katika nyumba ya wazee, ndani ya leso.
Hakujua mimi ni nani.
Alilitazama, akalilamba taratibu kama kondoo,
akakunja uso:
"Nani ametia chumvi hapa?"

Nikatazama dirishani. Muuguzi akaleta chai.

Jumatatu nikakuta sungura wamekula miche ishirini
ya safu ya kwanza.
Nikarudi garini kuchukua mingine.