Ukuta wa Ghala la Chumvi

Jumatatu nilipewa brashi ya waya, ndoo,
na ngazi ya kuazima.
Injinia Mwakalukwa akasema: kwangua mpaka jiwe liwe jeupe.
Anayo picha kwenye simu, ghala likiwa jipya,
akaikuza kwa vidole viwili nione weupe ninaodaiwa.

Chini ya ukingo wa paa, mvua isikofika,
masizi yameganda kama ukoko wa chungu:
moshi wa garimoshi la kuni,
moshi wa migebuka ya Kibirizi,
mmoja juu ya mwingine, hata siwezi kuutenga.
Mvua inakopiga ndiko kweupe,
ila weupe huo ni wa kuliwa.
Jiwe limepungua pale kama kipande cha sabuni.
Upande wa ziwa limeota kuvu, duara kwa duara,
kama choa kichwani kwa mwanafunzi.

Na kutoka chini, chumvi.
Gunia la mwisho la Uvinza liliondoka humu kabla sijazaliwa.
Ukuta haujapata habari.
Napangusa asubuhi, saa kumi imerudi,
vinywele vyeupe, laini, vinachomoza kwenye jiwe.
Nikaonja. Chumvi kweli, na uchungu kidogo.
Mwaka ziwa lilipopanda, fundi Bahinyuza aliupaka saruji
akadhani ameifungia.
Ikageuka humo ndani, ikasukuma,
saruji ikabanduka kama gome
na uso wa jiwe ukaondoka nayo.

Alhamisi nikaufikia mstari.
Weusi mwingine huu. Hauchubuki, unateleza,
kimo cha bega langu,
hatua kumi na saba kutoka mlangoni hadi kona.
Nikadhani oili ya gari. Nikanusa: hakuna kitu.
Jua likawa kali, nikageuka, nikaegemea nipumzike.

Mgongo ukaingia.

Palikuwa na kibonde kidogo, kimenikaa sawasawa,
na kushoto kwangu kingine, na kingine.
Wapagazi, basi. Vifua wazi, mawese ngozini,
wakingoja jina liitwe, gunia litolewe,
wakisogea kibonde kwa kibonde kuelekea mlangoni.
Miaka mingapi ya kungoja ili jiwe likubali?

Ijumaa injinia akaja. "Na hilo doa?"
"Halitoki."
Akatuma chupa ya asidi.
Nikatia tone moja, pembeni kabisa.
Jiwe likachemka, likalia kama kitunguu kikaangoni,
likabaki na tundu la kutosha punje ya hindi.

Nimeifunga chupa.
Ngazi yapaswa kurudi kwa mwenyewe kesho
na bado upande wa reli sijaugusa.
Nimekaa kimya kwenye kibonde changu, cha nne toka mlangoni.
Shati langu, kwa nyuma, limeshika unga mweupe.
Ukutani sijui nimeacha nini.