Ukurasa wa Mia Mbili na Saba

Nilikinunua kwa peni thelathini
kwenye gulio la kanisa, Hexham, mvua ikinyesha.
Jaladani pana ngazi za marumaru, na gauni
lenye rangi ya ini la kuku.
Nikasema: haya, zamu ya usiku ni ndefu.

Hoteli ninayofanyia kazi ilikuwa kasri la mwinyi mmoja.
Nakunja mashuka pale walipolala farasi wake,
basi najua mambo mawili matatu:
toka jikoni hadi ukumbi wa kulia ni hatua mia na kumi na mbili,
nimezihesabu na sinia mkononi,
na hakuna supu ifikayo mezani ikiwa moto.
Kitabuni, supu inafuka mvuke.
Kitabuni, meko ya vyumba kumi na vinane
yanajiwasha yenyewe, kwa adabu,
wala sikuona hata ndoo moja ya majivu.

Lodi Aubrey ana taya. Sijui ana nini kingine.
Bibi Araminta anazirai mara nne,
mara ya tatu juu ya kochi lile lile la mara ya kwanza,
nami nikaanza kulihurumia kochi.
Wanaachana kwa barua iliyopotea,
wanapatana kwa barua iliyoonekana;
laiti tarishi angekuwa na viatu vizuri
hadithi ingekwisha sura ya pili.
Na busu, lile nililolisubiri kurasa mia tatu na tisini,
likaja kama stakabadhi ya kodi:
sahihi, muhuri, kwaheri.

Lakini ukurasa wa mia mbili na saba
anapita mtumishi na mshumaa.
Tabitha. Mistari miwili tu.
Anajifuta pua kwa mkono wa nguo,
anasimama mlangoni pa maktaba isiyo na mtu,
anasoma mgongo wa kitabu kimoja, polepole, kwa midomo,
kisha anaitwa.

Nikakaa wima.
Kitabu gani? Nani alimfundisha herufi?
Aliyemwita ni nani, na kwa sauti ipi?
Nikafunua ukurasa kama mwenye njaa afunuaye chungu:
taya la Lodi Aubrey.

Nilimngoja hadi mwisho. Harusini nilimtafuta
nyuma ya nguzo, nyuma ya keki,
kati ya wale wanaoshika kofia za watu.
Hakurudi. Nadhani hata mwandishi
hakujua amempitisha nani usiku ule;
alitaka mshumaa tu, mtu akaja nao.

Saa kumi alfajiri Doreen wa mapokezi akauliza, kizuri?
Nikamwambia kibovu. Kibovu kabisa,
nikianza kukisema tutakesha na kesho.
Akanyoosha mkono akitupe kwenye pipa la karatasi.

Sikukiachia.
Kidole changu kilikuwa kimebanwa ndani,
pale kona ilipokunjwa.